Vihatarishi vya Shinikizo la Juu la Damu kwa Watu wa Umri wa Kufanya Kazi

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu huzisukuma nayo kuta za mishipa inapotoka moyoni kwenda sehemu zote za mwili. Nguvu hiyo hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa namba mbili. Namba ya juu huonyesha shinikizo moyo unapojikamua, na namba ya chini huonyesha shinikizo moyo unapotulia kati ya pigo moja na jingine. Kwa mtu mzima, kipimo kilicho chini ya 120/80 huhesabiwa kuwa kizuri. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki juu, ndicho kinachotambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa shinikizo la juu la damu. Si lazima namba zote mbili zizidi. Moja tu ikivuka mpaka wake inatosha. Aliye katikati ya vipimo hivyo bado si mgonjwa, lakini yuko njiani, na kwake ndiko kinga huleta faida kubwa zaidi.

Kwa watu wengi hali hii haina dalili yoyote. Mtu mwenye 170/105 anaweza kufundisha darasa, kuendesha basi au kushona nguo kutwa nzima bila kuhisi lolote. Kichwa kuuma na kizunguzungu huwapata hata wenye shinikizo la kawaida, kwa hiyo haviwezi kuchukua nafasi ya kipimo. Wakati huo wote mishipa hukakamaa, ukuta wa moyo hunenepa kwa kufanya kazi kupita kiasi, na vichujio vidogo vya figo huharibika kimoja baada ya kingine. Matokeo yake huonekana baada ya miaka: kiharusi, moyo kushindwa kusukuma damu, figo kushindwa kufanya kazi, au macho kupoteza nuru. Maradhi hayo yanapompata mtu wa miaka 45, familia huwa na ada za shule za kulipa na wazazi wazee wa kutunza.

Ukubwa wa tatizo hautofautiani sana kati ya Kenya na Tanzania. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Utafiti wa aina hiyo uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kiwango kinachokaribiana na hicho.

Mazingira ya kazi na maisha

Shinikizo la juu la damu halikuwa ugonjwa wa kawaida katika eneo hili. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, alichapisha vipimo vya wanaume wapatao 1,000 wa vijijini. Hakuona shinikizo likipanda kwa kadiri umri ulivyosonga, jambo lililokuwa limezoeleka Ulaya. Takribani miaka sitini baadaye, mwaka 1990, yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine uliowafuatilia vijana wa Kiluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda kutafuta kazi Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi michache tu ya kuishi mjini, shinikizo la damu la waliohama lilikuwa juu kuliko la waliobaki. Mkojo wao ulionyesha kuwa walikula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, uzito wao ulikuwa umeongezeka, na mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi.

Funzo la tafiti hizi ni la moja kwa moja. Waliohama na waliobaki walikuwa wa kabila lile lile na umri ule ule. Kilichobadilika ni chakula, mwendo na pilikapilika za siku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatari inayomkabili mfanyakazi hutengenezwa na namna siku yake inavyopangwa, na mpangilio huo unaweza kurekebishwa.

Vihatarishi visivyoweza kubadilishwa

Umri ni kihatarishi cha kwanza. Mishipa hupoteza mnyumbuko wake kadiri miaka inavyosonga, na katika maisha ya sasa shinikizo huanza kupanda taratibu tangu miaka ya thelathini. Kabla ya miaka 50 wanaume huathirika zaidi kuliko wanawake. Baada ya kukoma hedhi wanawake huwafikia, na pengine kuwapita.

Cha pili ni urithi. Mtu ambaye baba au mama yake alipata shinikizo la juu, hasa kabla ya miaka 55, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kulipata. Urithi huo si hukumu. Unamaanisha kwamba chumvi na uzito vinavyovumiliwa na mwili wa jirani vinaweza kumdhuru yeye mapema, na kwamba anapaswa kuanza kupimwa akiwa kijana.

Cha tatu kinawahusu wanawake. Mwanamke aliyepata shinikizo la juu wakati wa ujauzito au kifafa cha mimba hubaki na hatari kubwa zaidi kwa miaka mingi, hata kama vipimo vilirudi sawa baada ya kujifungua. Wengi hawaelezwi jambo hili wanaporuhusiwa kutoka wodini. Kipimo cha kila mwaka ni haki yake, na historia hiyo inafaa kutajwa kila anapomwona mhudumu wa afya.

Chumvi, na upungufu wa potasiamu

Chumvi huufanya mwili ushikilie maji; maji hayo huongeza ujazo wa damu, na damu ikiongezeka ndani ya mishipa ile ile, shinikizo hupanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote kwa pamoja. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Mfanyakazi anayekula nje ya nyumbani huvuka mpaka huo kwa urahisi. Asubuhi hunywa supu ya ng'ombe au ya mbuzi iliyokolezwa chumvi jikoni, kisha huongeza nyingine mezani kabla hata ya kuonja. Mchana mchuzi wa mama lishe huwa umewekewa chumvi na pia kidonge cha kiungo, ambacho karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Jioni chipsi hunyunyiziwa chumvi zikiwa bado za moto, na pembeni kuna kachumbari iliyotiwa chumvi na sosi ya pilipili ya chupa. Mkate, soseji, tambi za pakiti, karanga na korosho za kukaanga, achari, ng'onda na papa mkavu huongeza juu ya hapo. Ugali mtupu hauna chumvi. Kinacholeta chumvi ni kitoweo.

Hatua inayoleta matokeo ya haraka ni kuondoa kibakuli cha chumvi mezani na kuchagua kimoja kati ya chumvi na kidonge cha kiungo wakati wa kupika, si vyote viwili. Ladha inaweza kujengwa kwa ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, giligilani na nyanya zilizoiva. Ulimi huzoea chumvi kidogo baada ya wiki chache. Samaki wa chumvi alowekwe, na maji ya kwanza yamwagwe kabla ya kupikwa.

Potasiamu hufanya kazi kinyume na chumvi: huisaidia figo kuitoa chumvi na huilegeza mishipa. Hupatikana katika maharage, kunde, mchicha, kisamvu, viazi vitamu, ndizi, parachichi, machungwa na madafu. Mlo wa maharage, mboga za majani na tunda ni kinga ya bei nafuu. Tahadhari ni moja: mwenye ugonjwa wa figo asiongeze vyakula hivi wala asitumie chumvi mbadala yenye potasiamu kabla ya kushauriana na daktari, kwa sababu potasiamu ikizidi katika damu huweza kuuvuruga moyo.

Uzito na kitambi

Mwili ulionenepa huutaka moyo usukume damu nyingi zaidi, na mafuta yanayozunguka tumbo hutoa kemikali zinazobana mishipa na kuifanya figo ishikilie chumvi. Ndiyo maana ukubwa wa kiuno ni kipimo muhimu kama mizani. Hatari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Kikizidi 102 na 88, hatari huwa kubwa. Utepe wa fundi cherehani unatosha kujua. Hupitishwa kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetolewa na tumbo bila kuvutwa ndani.

Katika jamii nyingi kitambi bado husifiwa kuwa dalili ya neema, na mtu anayepungua huulizwa kama anaumwa. Ni vyema sifa hiyo iachwe. Kila kilo moja inayopungua kwa mtu mnene hushusha namba ya juu kwa karibu milimita moja, hivyo kupungua kilo 5 kunaweza kumrudisha mtu aliye mpakani katika usalama. Pa kuanzia ni soda, juisi zenye sukari, chapati na maandazi ya kila asubuhi, na sahani ya usiku inayoliwa muda mfupi kabla ya kulala.

Kukaa na kukosa mazoezi

Kazi nyingi za mjini hufanyika mtu akiwa ameketi: benki, ofisini, dukani, kwenye cherehani, kwenye usukani na juu ya bodaboda. Watafiti waliowafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam waliona shughuli za nguvu zikipungua sana na uzito ukiongezeka. Misuli isiyotumika huifanya mishipa isitanuke vizuri, na moyo usiozoea kazi hulazimika kupiga mara nyingi zaidi.

Kiwango kinachopendekezwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayomfanya mtu ahemeke lakini bado aweze kuzungumza. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Kushuka kituo kimoja kabla ya kile cha kazini na kutembea haraka, asubuhi na jioni, kunaweza kuitimiza hesabu hiyo bila gharama. Anayekaa muda mrefu ainuke kila baada ya saa moja na kutembea kwa dakika chache. Anayebeba mizigo au kulima tayari ana mazoezi. Yeye atazame zaidi chumvi, pombe na usingizi.

Pombe, tumbaku na vichangamshi

Pombe hupandisha shinikizo kwa kadiri inavyonyweka, na kunywa kwingi kwa usiku mmoja mwisho wa mwezi hudhuru hata kama siku nyingine mtu hanywi. Aina haileti tofauti: bia, konyagi, gongo, chang'aa na mvinyo vyote vina kileo kile kile. Kupunguza unywaji hushusha shinikizo ndani ya wiki chache.

Kila sigara hubana mishipa na kupandisha shinikizo kwa muda, na moshi wake huharibu utando wa ndani wa mishipa. Mvutaji mwenye shinikizo la juu huzidisha hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Ugoro na tumbaku ya kutafuna navyo vina nikotini. Mirungi, au miraa kama inavyoitwa Kenya, hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo kwa muda wote inapotafunwa na saa kadhaa baadaye. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye vibanda vya stendi huunganisha kafeini nyingi na sukari; chupa mbili au tatu kwa zamu moja ni nyingi mno kwa mtu mwenye shinikizo lililopanda.

Usingizi, zamu za usiku na msongo wa kazi

Kwa kawaida shinikizo hushuka mtu anapolala. Anayelala chini ya saa 6 kila siku huikosesha mishipa yake mapumziko hayo. Wauguzi, walinzi, madereva wa masafa na wafanyakazi wa viwandani wanaobadilishana zamu huathirika zaidi, kwa sababu mwili huamshwa saa ambazo umejipanga kupumzika. Anayelala mchana anahitaji chumba chenye giza, simu iliyozimwa na familia inayoheshimu usingizi wake kama inavyouheshimu wa usiku.

Kukoroma kwa nguvu kunakokatishwa na vipindi vya kukosa pumzi, kisha uchovu mzito mchana, ni dalili ya njia ya hewa kuziba usingizini. Hali hii huwapata hasa watu wanene, hupandisha shinikizo na kulifanya liwe gumu kudhibitiwa kwa dawa. Mara nyingi mwenzi wa chumbani ndiye anayeigundua, na maelezo yake yanafaa kufikishwa kwa daktari.

Msongo wa mawazo huuweka mwili katika hali ya tahadhari: homoni huongezeka, moyo hupiga kwa kasi na mishipa hubana. Ukiwa wa dakika chache hauna madhara makubwa. Unaodhuru ni ule wa kila siku, hasa kazi yenye madai mengi ambayo mfanyakazi hana sauti wala uamuzi juu yake, pamoja na madeni na mishahara inayochelewa. Sala, mazoezi, mazungumzo na watu wa kuaminika na ratiba yenye mapumziko husaidia. Mwajiri naye ana sehemu yake: zamu zinazotabirika, muda halisi wa chakula cha mchana, jiko la kazini linalopunguza chumvi, na mashine ya kupimia shinikizo inayopatikana kwa wafanyakazi wote.

Dawa na maradhi mengine

Baadhi ya dawa zinazonunuliwa bila cheti hupandisha shinikizo. Za kwanza ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wenye maumivu ya mgongo na viungo huzitumia kwa miezi. Nyingine ni dawa za mafua za kuzibua pua, dawa za aina ya prednisoloni, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mwanamke anayeanza vidonge hivyo apimwe kabla na baada ya kuanza; zipo njia nyingine za uzazi wa mpango zisizopandisha shinikizo.

Kisukari na ugonjwa wa figo huambatana mara nyingi na shinikizo la juu, na kila kimoja huzidisha madhara ya kingine. Anayegundulika na kipimo cha juu sana kabla ya miaka 40, au ambaye shinikizo lake halishuki kwa dawa tatu, achunguzwe figo na homoni, kwani huenda kuna chanzo mahususi kinachotibika.

Vihatarishi vinapokutana

Hatari huongezeka vihatarishi vinapokutana katika mtu mmoja. Dereva wa lori wa miaka 42 anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, safari ya zaidi ya kilomita 900, anaweza kuwa navyo vingi kwa wakati mmoja bila kufanya jambo lolote la ajabu. Hukaa kitini kwa saa nyingi, hula supu na chipsi za njiani, hulala vipande vipande ndani ya kabini, hunywa vichangamshi ili asisinzie, na hunywa diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Mama yake alikufa kwa kiharusi. Hawezi kubadilisha urithi wala urefu wa barabara, lakini anaweza kubeba ndizi na viazi vitamu vya kuchemsha, kuacha kuongeza chumvi, kutembea kila anaposimama, kuulizia dawa nyingine ya mgongo na kupimwa kila arudipo. Anayeanza na mambo mawili na kuyadumisha hufaidika kuliko anayebadilisha yote na kuyaacha baada ya wiki.

Kipimo cha kuaminika

Kila mtu mzima anapaswa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kama ana vihatarishi. Kipimo kilichochukuliwa vibaya hupotosha. Kwa nusu saa kabla ya kupimwa mtu asivute sigara, asinywe kahawa wala kufanya mazoezi. Akojoe kwanza, kisha aketi kimya kwa dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, nyayo zote zikiwa sakafuni na miguu ikiwa haijapishanishwa. Mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya shati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za uongo za juu. Asizungumze wakati mashine inasoma. Kipimo kirudiwe baada ya dakika moja au mbili, na wastani uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na saa.

Wapo ambao shinikizo lao hupanda mbele ya mhudumu tu, na wapo ambao hupata kipimo kizuri kliniki huku likiwa juu kazini na nyumbani. Hawa wa pili wamo hatarini bila kujua, na daftari la vipimo vya nyumbani ndilo huwafichua.

Matibabu na dalili za hatari

Mtu akishathibitika kuwa na shinikizo la juu, mabadiliko ya maisha huendelea sambamba na dawa ambazo daktari ataona zinafaa. Dawa hazimezwi siku ya kuumwa kichwa pekee. Kipimo kikirudi sawa, maana yake ni kwamba zinafanya kazi, na kuziacha bila ushauri hulirudisha shinikizo juu. Zikileta kikohozi, miguu kuvimba au kupungua kwa nguvu za kiume, mgonjwa amweleze daktari ili abadilishiwe, maana aina za dawa ni nyingi. Kitunguu saumu na majani ya chai ya dawa visiwe mbadala wa tiba.

Kipimo cha 180/120 au zaidi kirudiwe baada ya mapumziko mafupi, na kikibaki hapo mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kikiambatana na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, kuona ukungu, mdomo kwenda upande, kushindwa kutamka au udhaifu wa mkono au mguu mmoja, ni dharura. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, bila kumezeshwa dawa ya mtu mwingine na bila kusubiri asubuhi.